Kesi ya Kitosh

Ukisimama juu ya kilima cha Dundori wakati wa asubuhi ukaelekeza uso wako magharibi, waliona Bonde la Ufa limetandazwa mbele yako: ziwa la Nakuru chini, mlima Menengai kuliani, na mbali, ng'ambo ya bonde, miinuko ya Mau ambako ndiko uliko mji wa Molo. Leo nchi hii ni mashamba ya wananchi, wapandao viazi na kufuga ng'ombe wa maziwa. Katika mwaka wa 1923 ilikuwa sehemu ya nchi iliyotengwa kwa Wazungu. Mwafrika aliishi juu ya ardhi ile kwa ruhusa ya bwana shamba, akiwa skwota au kibarua, na kipande chake kikining'inia shingoni ndani ya kikasha cha chuma.

Yafaa uijue nchi hiyo kwanza, msomaji, maana katika mwaka huo ilisikizwa mjini Nakuru kesi ambayo yaweza kukufundisha misingi yote ya sheria ya jinai. Itakufundisha pia jambo jingine ambalo sheria peke yake haiwezi kukufundisha.

Kwanza tueleze maana ya jinai. Sheria huyagawa magomvi ya watu katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni madai. Ng'ombe wa jirani akiingia katika shamba lako akala viazi, wewe wamdai jirani fidia. Ugomvi ni wenu wawili, na mkipatana umekwisha. Fungu la pili ni jinai. Mtu akiiba, akichoma nyumba, au akiua, kosa lake halihesabiwi kuwa amemtendea mmoja tu, bali ameitendea jamii nzima. Kwa hiyo mshtaki ni dola: katika siku za ukoloni mashtaka yaliletwa kwa jina la Mfalme, na leo huletwa kwa jina la Jamhuri. Desturi hii ina hekima kubwa. Aliyeuawa hawezi kufika mahakamani kujitetea, na mara nyingi jamaa zake ni maskini wasio na wakili. Dola husimama mahali pao ili damu ya mnyonge isiwe bure.

Sasa tuitazame kesi yenyewe. Kitosh alikuwa mtumishi wa setla mmoja kijana wa Molo, jina lake Jasper Abraham. Katika masimulizi ya kesi mtumishi huyu hujulikana kwa jina hilo moja tu, nalo ni jina ambalo wageni wa siku zile waliwaitia Wabukusu wote. Siku moja ya Juni 1923 setla alimwazima rafiki yake farasi jike wa kumpeleka kituo cha gari la moshi. Kitosh alitumwa kwenda kumrudisha mnyama yule, akaamriwa amwongoze kwa kamba wala asimpande. Kitosh alimpanda. Mtu aliyemwona njiani alimpasha bwana habari. Siku ya Jumapili Kitosh aliadhibiwa kwa kipigo kikali, kisha akafungwa kamba na kutiwa ghalani. Usiku ule ule, humo ghalani, alikufa.

Zingatia ukubwa wa kosa na ukubwa wa malipo. Mtu alipanda farasi aliyeambiwa asimpande. Hata kwa sheria ya siku zile, ambayo ilimlemea sana mtumishi, bwana mwenye malalamiko alipaswa kuyapeleka kwa hakimu, na hakimu ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kutoza faini au kufunga. Huu ndio msingi wa kwanza wa sheria ya jinai: mtu asiwe mshtaki, na hakimu, na mtoa adhabu, vyote kwa mkono wake mwenyewe. Palipo na mkono huo mmoja pana kisasi au uonevu, hata kama mwenye mkono anauita nidhamu.

Abraham alishtakiwa kwa kuua, na katika Agosti 1923 Mahakama Kuu ilikaa Nakuru kuisikiza kesi yake, katika jumba la wafanyakazi wa reli. Hapa twaukuta msingi wa pili: mshtakiwa hudhaniwa hana hatia mpaka hatia yake ithibitishwe, na mzigo wa kuithibitisha u juu ya mshtaki, pasipo shaka yenye maana. Abraham naye alistahili kinga hiyo. Usidhani, msomaji, kwamba kinga hii ni ya wabaya. Ni kinga yako wewe siku utakapotajwa kwa jambo usilolitenda. Dola ina polisi, jela na hazina, na mshtakiwa ana nafsi yake tu. Ndiyo sababu sheria huuweka mzigo juu ya mwenye nguvu.

Kuua ni kosa ambalo halithibitiki mpaka maswali mawili yamejibiwa. Swali la kwanza ni la sababu: je, kitendo cha mshtakiwa ndicho kilicholeta kifo? Swali la pili ni la nia: je, alikusudia nini, au alijua nini, alipokitenda? Dereva anayemgonga mtu kwa bahati mbaya na mwizi anayemvizia mtu gizani wote wawili wameacha maiti nyuma yao, lakini dhamiri ya kila mtu yajua kwamba hawakutenda jambo moja. Kwa ajili hiyo sheria hupambanua kuua kwa kukusudia, kuua bila kukusudia, na makosa madogo kuliko hayo, kama vile kumdhuru mtu vibaya.

Katika jumba lile la Nakuru maswali yote mawili yalibishaniwa. Daktari wa serikali aliyeupasua mwili wa Kitosh alisema kwamba majeraha ndiyo yaliyomuua. Upande wa utetezi ukawaleta madaktari wawili kutoka Nairobi, nao wakatoa maoni ya ajabu. Walisema kwamba majeraha yale peke yake hayakutosha kuua. Kitosh alikufa kwa sababu alitaka kufa. Walidai kwamba Mwafrika anaweza kuikata tamaa ya maisha, na roho ikamtoka. Basi mtu aliyepigwa na kufungwa kamba akageuzwa kuwa muuaji wa nafsi yake mwenyewe, na mbele ya mahakama sasa palikuwa kama washtakiwa wawili, mmoja hai na mmoja kaburini.

Ni nani aliyeamua baina ya madaktari hao? Hapa twafika penye moyo wa habari yetu. Katika Kenya ya siku zile Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kuamuliwa na juri. Juri ni kundi la raia wa kawaida, wasio mahakimu, ambao husikiliza ushahidi kisha wakaamua kama mshtakiwa ana hatia. Jaji huwaeleza sheria, na baadaye hutoa adhabu kwa kadiri ya uamuzi wao. Ni desturi ya zamani sana ya Uingereza, na Wamarekani waliiandika katika katiba yao, pamoja na marekebisho ya mwaka wa 1791 yanayomwahidi mshtakiwa juri lisilopendelea. Makusudi yake ni mema: mtu ahukumiwe na wenzake, si na watumishi wa mfalme peke yao. Lakini katika Kenya juri lilikuwa la Wazungu watupu, kwa mshtakiwa Mzungu tu. Mwafrika aliposhtakiwa aliamuliwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ambao maoni yao jaji aliweza kuyakataa.

Waliokaa kuamua juu ya kifo cha Kitosh, basi, walikuwa Wazungu wenzake Abraham. Nchi ile ilikuwa ya masetla, na setla aliajiri vibarua kama Kitosh, na wengi wao waliamini kwamba shamba haliendi pasipo kiboko. Kumhukumu Abraham kuwa muuaji kungekuwa kujihukumu wenyewe nusu. Wahenga walisema, kesi ya nyani, hakimu ni ngedere. Juri lilikataa shtaka la kuua, likamwona Abraham kuwa na hatia ya kudhuru vibaya. Jaji akamfunga miaka miwili.

Kumbuka kwamba mambo haya yalitokea muda mfupi tu baada ya serikali ya Uingereza, katika Julai 1923, kutoa Tamko la Devonshire, lililosema kwamba katika Kenya maslahi ya Waafrika yatatangulia maslahi ya wageni. Wino wa tamko hilo ulikuwa haujakauka. Hapo waona umbali uliopo baina ya maneno mazuri yaandikwayo mjini London na maisha ya mtu aliyelala ghalani Molo.

Je, damu ya Kitosh ilikwenda bure? Hukumu ile iliwaudhi wakubwa wa Ofisi ya Makoloni, nao wakatazama sheria iliyotumika. Tangu mwisho wa karne ya 19 Kenya ilikuwa ikitumia Kanuni ya Adhabu iliyotungwa kwa ajili ya India, nayo ilikuwa na ngazi nyingi ambazo juri lenye huruma kwa mshtakiwa liliweza kushukia. Kesi hii ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyohimiza sheria hiyo iondolewe, na tarehe 1 Agosti 1930 Kanuni mpya ya Adhabu ilianza kutumika, ambayo pamoja na mabadiliko mengi ni sheria ya Kenya hata leo.

Ikiwa utaifungua kanuni hiyo utakuta mafundisho mawili yahusuyo moja kwa moja mabishano ya Nakuru. La kwanza ni la nia: mtu akikusudia kumdhuru mwingine vibaya, naye akafa kwa madhara hayo, nia hiyo yatosha kufanya kosa kuwa kuua kwa kukusudia, si lazima awe alitaka kifo. La pili ni la sababu: mtu huhesabiwa kuwa amesababisha kifo hata ikiwa kitendo chake sicho sababu ya karibu kabisa, wala sicho sababu ya pekee. Aliyemharakisha mgonjwa kufa, kwa mfano, amemuua, wala hawezi kujitetea kwamba ugonjwa ungemuua hata hivyo. Milango miwili ambayo Abraham alitokea ilitiwa komeo.

Hata hivyo komeo halijifungi lenyewe. Sheria nzuri mikononi mwa watu wapendeleao huwa kama jembe kali mikononi mwa mvivu. Tazama Marekani, nchi iliyojivunia juri kuliko nchi zote. Katika Agosti 1955 mvulana mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, Emmett Till, aliuawa kikatili katika jimbo la Mississippi. Wazungu wawili walishtakiwa, na juri la wanaume 12, Wazungu wote, likawaachilia baada ya kushauriana kwa muda wa saa moja hivi. Miezi michache baadaye wale wawili walikiri katika gazeti kwamba ndio waliomuua, na hawakuweza kushtakiwa tena kwa kosa lile, kwa kuwa ni msingi wa sheria kwamba mtu asihukumiwe mara mbili kwa jambo moja. Msingi ule ni wa haki. Ulioharibika ulikuwa uamuzi wa kwanza. Mississippi na Molo ziko mbali sana, lakini ngedere ni yule yule.

Tena usiseme kwamba watu hawawezi kubadilika. Katika Oktoba 1959, mjini Nairobi, Mzungu aitwaye Peter Poole alimpiga risasi Kamawe Musunge, Mwafrika aliyekuwa akipita na baisikeli yake, kwa sababu alikuwa amewatupia mawe mbwa wa Poole. Juri lilikuwa la Wazungu kama lile la Nakuru. Safari hii lilimwona mshtakiwa kuwa na hatia ya kuua. Wazungu wengi waliomba asamehewe, lakini tarehe 18 Agosti 1960 alinyongwa, Mzungu wa kwanza kunyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika. Hatufurahii kifo cha mtu yeyote. Twakitaja ili uone kwamba baina ya 1923 na 1960 thamani ya uhai wa Mwafrika mbele ya mahakama ilikuwa imeanza kuhesabiwa kwa mizani nyingine.

Juri la Wazungu halikuendelea katika Kenya huru, na wazee wa baraza waliondolewa kwa sheria ya mwaka wa 2007. Sasa jaji huamua peke yake na kuandika sababu zake, ili mahakama ya rufani iweze kuzipima. Katiba ya mwaka wa 2010 imeikusanya misingi tuliyoisoma hapa: aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema, isipite saa 24, isipokuwa siku ya mwisho ikiwa si siku ya kazi ya mahakama, adhaniwe hana hatia, apate wakili, asihukumiwe mara mbili, akate rufani. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hafanyi kazi kwa amri ya mtu yeyote. Na watu wote ni sawa mbele ya sheria, mwenye shamba na kibarua wake.

Maneno hayo ni mazuri, msomaji, nayo yalinunuliwa kwa bei ghali. Lakini kumbuka kwamba Nakuru ya 1923 nayo ilikuwa na jaji, na mashahidi, na mawakili, na kitabu cha sheria mezani. Kilichokosekana ni watu wawezao kumtazama Kitosh wakaona mtu kamili, ambaye kifo chake kina uzito sawa na kifo cha ndugu yao. Kesho wewe utakuwa shahidi, au askari, au karani, au hakimu, au jirani tu aliyeona jambo na kuombwa aseme kweli. Siku hiyo haki itakuwa mikononi mwako. Mbele yako atasimama mtu asiye wa kabila lako, wala wa dini yako, wala wa kipato chako. Mpime kwa mizani ile ile ambayo ungetaka upimwe nayo wewe.