Mama Mkubwa, Kambo na Kafala: Historia ya Malezi ya Jamaa katika Msamiati wa Kiswahili

Utangulizi

Kitenzi lea ni cha kale. Wanyarwanda husema kurera, Waganda okulera, na Wakikuyu kurera. Mshabaha huo unaonyesha kwamba neno hili lilikuwako kabla lugha hizo hazijaachana. Jambo la kuzingatia ni kwamba kitenzi hiki hakidai uzazi. Mlezi aweza kuwa mzazi, na aweza asiwe. Kwa muda mrefu Kiswahili kilieleza habari za mtoto aliyekulia kwa mjomba au kwa bibi yake bila istilahi maalumu ya malezi hayo: mtoto "kalelewa na bibi yake", basi. Mhadhara huu unachunguza kwa nini istilahi hiyo haikuhitajika, ni lini ukosefu wake ulianza kuwa tatizo, na kwa nini uteuzi wake leo si suala la watunga kamusi peke yao.

Majina ya jamaa

Katika matumizi ya Waswahili wengi, dada wa mama ni mama: mama mkubwa akiwa amemzidi mama umri, mama mdogo akiwa chini yake. Vivyo hivyo kwa ndugu wa kiume wa baba. Kwa hiyo mtoto aliyefiwa na mamaye hakukosa mtu wa kumwita mama. Jina lilitangulia msiba, na wajibu uliambatana na jina. Mjomba na shangazi walikuwa na majina yao na nafasi zao. Huko pwani, neno ami, lenye asili ya Kiarabu, lilimtenga ndugu wa baba na baba mwenyewe.

Uislamu nao uliongeza upambanuzi wa kisheria. Hadhana, yaani haki ya kumtunza mtoto mdogo, hutangulizwa upande wa mama: kwanza mama mwenyewe, kisha bibi mzaa mama. Uwalii ni wa upande wa baba. Aidha, mtoto anayelelewa na mwingine habadilishiwi nasaba. Ndiyo maana pakawa na kafala, malezi yasiyofuta ukoo. Hata neno yatima lilipanuka lilipoingia katika Kiswahili. Katika fikihi, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Katika Kiswahili cha kawaida, aliyefiwa na mzazi yeyote, au wote wawili, huitwa yatima.

Hata hivyo, haifai kuipamba historia hii. Mkono mmoja haulei mwana, yasema methali, lakini mkono wa pili haukuwa na upole nyakati zote. Mtoto aliyepelekwa kwa shangazi ili asome aliweza kugeuzwa mtumishi wa nyumba, na mali ya yatima iliweza kuliwa na yule yule aliyekabidhiwa kuitunza. Jina lilimdai mtu wajibu, halikumlazimisha kuutimiza.

Kukatika kwa jamaa

Taasisi za kulea watoto zilipoanzishwa na wamisionari katika pwani hii, hazikuwa kwa ajili ya watoto ambao jamaa zao waliwakataa. Zilikuwa kwa ajili ya watoto walionyang'anywa jamaa. Mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, wakakusanya humo watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Misheni ya Waanglikana wa UMCA ilifanya hivyo Unguja: wavulana Kiungani, wasichana Mbweni. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha kitabu kiitwacho Kiungani, chenye masimulizi ya wavulana hao kuhusu makwao na jinsi walivyotekwa. Madan ndiye aliyetunga pia kamusi za Kiswahili. Yaani sehemu ya kazi ya mwanzo ya kukiandika Kiswahili kwa hati za Kirumi ilifanyika miongoni mwa watoto waliokuwa na lugha ya kumwita mjomba, lakini hawakuwa na mjomba wa kumwita.

Jaribio la pili lilikuja karne moja baadaye. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Safari hii jamaa hawakunyang'anywa watoto. Kizazi cha kati ndicho kilichopukutika, wakabaki mabibi na wajukuu. Mwaka 2003 UNICEF ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 90 ya yatima katika Afrika kusini mwa Sahara walikuwa wakitunzwa na jamaa zao.

Lugha ya sheria

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 20, unaitaja kafala kwa jina. Jamaa wametajwa katika ibara ya 5. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulipitisha Miongozo ya Malezi Mbadala, ambayo inayataja waziwazi malezi ya jamaa. Mwaka huo huo Tanzania ilitunga Sheria ya Mtoto. Kwa malezi ya familia isiyo ya mtoto, Kiswahili cha ustawi wa jamii kikatumia malezi ya kambo. Uteuzi huo una mgogoro. Katika lugha ya kila siku, kambo ni uhusiano unaoletwa na ndoa ya mzazi, na mama wa kambo wa hadithi zetu anajulikana kwa ukatili. Bibi akiambiwa kwamba anamlea mjukuu wake "kwa kambo", atajiona ametukanwa.

Hitimisho

Tangu mwaka 2021, Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania. Kwa hiyo jina halibaki kuwa pambo. Bibi asiyetajwa na sheria huulizwa shuleni na hospitalini yeye ni nani kwa mtoto, na jibu "mimi ni bibi yake" haliwi na uzito wa hati. Malezi ya ukoo yangeweza kupendekezwa, lakini ukoo kwa wengi huelekea upande wa baba, na humwacha nje bibi mzaa mama, ambaye mara nyingi ndiye mlezi. Jamaa hukusanya pande zote mbili. Ndilo neno ambalo Mwalimu Nyerere alilijengea itikadi ya Ujamaa mwaka 1962. Malezi ya jamaa, basi, ndiyo istilahi inayostahili kuingizwa katika sheria, pamoja na usimamizi wa kumlinda mtoto pale ambapo jamaa ni jamaa kwa jina tu.