GED: Cheti Kilichozaliwa Vitani

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia mwezi Desemba 1941, vijana wengi waliitwa jeshini kabla hawajamaliza sekondari. Wakuu wa elimu nchini humo walikuwa na jambo lililowakera tangu zamani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, shule na vyuo vingi viliwahesabia askari masomo ambayo hawakuyasoma, kwa sababu tu walikuwa wamevaa sare. Safari hii walitaka kipimo cha kweli.

Mwaka 1942 jeshi lilifungua taasisi ya masomo kwa njia ya posta mjini Madison, jimbo la Wisconsin. Kazi ya kuongoza utungaji wa mtihani huo, ulioitwa GED, ikamwangukia Everett Lindquist, profesa wa Chuo Kikuu cha Iowa aliyekuwa tayari na jina kwa mitihani aliyowatungia wanafunzi wa jimbo lake. Lindquist hakutaka kumuuliza askari mambo ya kukariri. Alimpa aya ya sayansi aisome, kisha akamuuliza imesema nini. Alimpa hoja za siasa na uchumi azipime, maandishi ya fasihi ayaelewe, sentensi zenye makosa azisahihishe, na hesabu azikokotoe. Karatasi zilikuwa tano, na kuzimaliza zote kulichukua kama saa kumi. Alama za kufaulu zilipangwa kwa kuwapa karatasi hizohizo wanafunzi waliokuwa wakimaliza sekondari. Nyuma ya kazi hiyo kulikuwa na imani kubwa: mtu aliyejifunza kutengeneza redio melini au kusoma ramani msituni ameelimika, na elimu yake inastahili kupimwa na kutambuliwa.

Juni 1944 Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ya kuwasomesha askari waliorejea kwa fedha za serikali, na cheti cha waliofaulu GED, kilichokubaliwa badala ya cheti cha sekondari, kikawa njia ya kuingia chuo kikuu bila kulipa ada. Jimbo la New York lilifungulia raia wa kawaida mlango mwaka 1947. Majimbo mengine yalifuata kwa mwendo wake, California ikiwa ya mwisho mwaka 1974, lakini kufikia 1959 raia waliofanya mtihani walikuwa wameshawazidi askari wa zamani.

Hapo ndipo historia ya GED inakuwa historia ya watu. Ruth Ann Minner aliacha shule akiwa na miaka 16 ili asaidie shamba la familia. Akiwa na miaka 32 alifiwa na mumewe, akabaki na watoto watatu wa kiume. Akafanya GED, akajiendeleza chuoni huku akifanya kazi, na Januari 2001 akaapishwa kuwa gavana wa Delaware, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kushika kiti hicho. Richard Carmona aliacha shule jijini New York, akapata GED akiwa jeshini, akapigana Vietnam, akawa daktari wa upasuaji, na kati ya 2002 na 2006 alikuwa mganga mkuu wa serikali ya Marekani. Dave Thomas, mwanzilishi wa mikahawa ya Wendy's, alikuwa tajiri wa siku nyingi alipokwenda kukitafuta cheti mwaka 1993. Alihofia vijana wangemtazama na kudhani shule haina kazi.

Mwaka huohuo wa 1993 likaja pigo. Wanauchumi Stephen Cameron na James Heckman walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kipato cha mwenye GED kinafanana zaidi na cha mtu aliyeacha shule kuliko cha aliyehitimu. Heckman, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alieleza kwamba mtihani unapima ujuzi lakini haupimi uvumilivu na nidhamu ya kudumu kwenye kazi. Jeshi nalo, lililouzaa mtihani huu, huwaweka wenye GED katika daraja la pili la waombaji na kuwapa nafasi chache, kwa kuwa rekodi zake zinaonyesha wengi wao huacha utumishi kabla ya muda.

Hoja hizo ni nzito. Hata hivyo, ni hoja za wastani, na wastani haumjui mama mjane wa Delaware. Kosa ni kuzigeuza kuwa hukumu juu ya mtu mmoja mmoja.

Kilichoumiza zaidi ni mabadiliko ya mtihani wenyewe. Insha iliongezwa mwaka 1988, mtihani mwingine mpya ukaja 2002, na kila safari karatasi zikasogea karibu zaidi na darasa. Mwaka 2011 Baraza la Elimu la Marekani, lililousimamia mtihani huo, liliungana na kampuni ya Pearson, na Januari 2014 ukatoka mtihani mgumu zaidi, wa kompyuta tu, kwa dola 120 katika majimbo mengi. Idadi ya waliofaulu ikaporomoka. Mwaka 2016 alama ya kufaulu ikashushwa kutoka 150 hadi 145. New York, jimbo lililotangulia, wakati huo lilikuwa limehamia mtihani mwingine.

Tanzania ilichagua njia tofauti. Asiyepita sekondari hufanya mtihani wa maarifa, maarufu kama QT. Akifaulu, hujisajili kuwa mtahiniwa wa kujitegemea na kufanya mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Njia ni ndefu, na hakuna anayemuuliza amejifunza nini kazini, lakini anayefika mwisho hashiki cheti cha kando.

Leo GED inawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Vijana wengi wa Kongo waliokulia katika kambi za wakimbizi kama Nyarugusu nchini Tanzania walihamishiwa Marekani wakikaribia umri ambao shule za umma hazipokei tena, mara nyingi miaka 21, na mtihani unatolewa kwa Kiingereza na Kihispania tu. Walimu wanaojua Kiswahili walioko huko waanze na lililo ndani ya uwezo wao: wafundishe hesabu na sayansi kwa Kiswahili sasa, huku Kiingereza kikijengwa kando.