Kilichoanza na Kitanda Kimoja: Historia Fupi ya Masista Wadogo wa Maskini

Sikukuu ya Mtakatifu Jeanne Jugan, tarehe 30 Agosti, hatuwezi kuiacha ipite bila kumsimulia mama huyu. Sisi tunaojitolea kuwatembelea wazee tunafuata nyayo zake.

Alizaliwa Cancale, pwani ya Bretagne, Ufaransa, mwaka 1792. Baba yake, mvuvi, alipotelea baharini Jeanne akiwa mtoto mdogo. Binti akakulia katika kazi: jikoni kwa watu, kisha hospitalini, kisha utumishi wa ndani.

Majira ya baridi ya mwaka 1839, akiwa na miaka 47, alikuwa amepanga na wenzake vyumba vidogo mjini Saint-Servan. Huko akamchukua Anne Chauvin, bibi kipofu aliyepooza nusu ya mwili, asiye na mtu. Akampa kitanda chake mwenyewe, yeye akahamia darini. Akaja wa pili, Isabelle Coeuru, mtumishi mzee ambaye mabwana zake walipofilisika aliwalisha kwa akiba yake, kisha kwa kuwaombea mlango kwa mlango. Mtu wa namna hiyo angeachwaje nje?

Wazee wengine walizoea kuombaomba barabarani. Jeanne akawaambia wabaki nyumbani, wamtajie wafadhili wao, aende yeye. Akajitwika kikapu. Husimuliwa kuwa tajiri mmoja alimpiga kofi. Jeanne akamshukuru, akamwambia kofi lile ni lake yeye, sasa atoe cha wazee. Akapewa. Kisa hiki hatuchoki kukisimulia, kwa sababu kila anayebisha hodi kwa ajili ya mzee hukutana na mlango mgumu siku moja.

Mwaka 1842 kikundi cha Jeanne na wenzake, ambacho baadaye kiliitwa Masista Wadogo wa Maskini, kilinunua nyumba ya zamani ya watawa, na mwaka 1845 Akademia ya Ufaransa ikamtunuku Jeanne Tuzo ya Montyon, faranga 3,000.

Uongozi ulikuwa umeshapita mikononi mwa wengine mwaka 1843, kwa uamuzi wa Padre Le Pailleur, aliyekisimamia kikundi. Ilikuwa mitihani ya wakati ule, na baadaye Roma ilirekebisha mambo. Jeanne hakulalamika. Aliishi miaka 27 ya mwisho katika nyumba mama, kati ya wanovisi ambao wengi wao hawakujua kuwa ndiye mwanzilishi. Alipofariki mwaka 1879, masista walikuwa kama 2,400.

Kuenea kwa shirika tukutaje kwa haraka: London mwaka 1851, Marekani 1868, kisha mabara mengine. Jeanne alitangazwa mwenye heri mwaka 1982, na mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Kwetu Nairobi masista wana Nyumba ya Wazee, Kasarani.

Kwa walei wanaotaka kushiriki, kazi haina makuu. Keti karibu na mzee, useme jina lako taratibu. Mkate kucha, mmenye naye njegere, umsikilize akirudia habari ya ng'ombe wake wa zamani kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Wengine watoto wao wametangulia mbele za haki, wengine hawana wa kuwajulia hali, na mlo mzuri peke yake hauondoi upweke. Tunawashukuru wenye vibanda sokoni wanaojaza kikapu, na jumuiya ndogondogo zinazofika bila kungoja Krismasi. Anayetaka kuungana nasi aanze na mzee mmoja, na wiki ijayo arudi kwa huyo huyo.