Laiboni: Kwa nini morani hawakwenda vitani bila kumuuliza

Katika karne ya 19, wakazi wa Ugogo, eneo ambalo leo liko Mkoa wa Dodoma, waliishi na hofu ya kuvamiwa. Kutoka nyika za kaskazini na mashariki walikuja morani wa Kimasai kuteka ng'ombe. Wagogo waliwaita Wahumba. Tembe, nyumba ya Kigogo yenye paa bapa la udongo, ilizunguka uwanja ambamo mifugo ililala usiku, na kuta zake zilisaidia kuilinda.

Lakini safari ya vita haikuanza siku morani walipobeba mikuki. Kwanza walipaswa kupata jibu la mtu mmoja: laiboni.

Laiboni ni nani?

Laiboni, au oloiboni kwa Kimaa, ni mganga na mpiga ramli. Kazi hiyo hurithiwa, na malaiboni wakubwa walitoka ukoo wa Inkidongi. Hakuwa mfalme, maana Wamasai hawakuwa na mfalme. Mambo ya kila siku yaliamuliwa na wazee pamoja na viongozi wa rika, yaani malaigwanani. Wala yeye mwenyewe hakuongoza mapigano. Nguvu yake ilikuwa kwenye neno: nendeni au msiende.

Ramli ilipigwaje?

Mwaka 1905, A. C. Hollis, ofisa wa Kiingereza, alichapisha kitabu kuhusu Wamasai. Humo alitaja njia nne:

• Mawe: laiboni alitikisa kibuyu au pembe yenye mawe, akayamwaga, kisha akahesabu. Idadi ndiyo iliyotoa jibu.
• Utumbo: alichinja mbuzi na kukagua matumbo yake.
• Pombe: alikunywa, akatabiri akiwa amelewa.
• Ndoto: alieleza alichokiona usingizini.

Kabla ya uvamizi, morani walituma wajumbe kwake. Akikubali, aliwapa dawa ya kinga na maelekezo. Wakirudi na ng'ombe, na yeye alipata fungu lake.

Ila morani hawakutegemea ramli peke yake. Walituma wapelelezi kutazama njia, maji na mahali mifugo ilipo. Ramli ilikuja juu ya taarifa hizo.

Ilisaidia nini?

Kwanza, iliwatuliza vijana. Morani wenye damu moto wangeweza kuanzisha vita ambavyo jamii nzima ingelipia. Kulazimika kwenda kuuliza kulitoa muda wa kufikiri.

Pili, ililiunganisha jeshi. Watu wa maeneo tofauti, wasio na mkuu mmoja, walipata jibu moja.

Tatu, ilibeba lawama. Vita vikienda vibaya, iliweza kusemwa kwamba maelekezo hayakufuatwa. Hapo imani kwa laiboni ilibaki, lakini waliokufa ndio hivyo tena, wamekufa.

Malaiboni wakiwa wawili

Laiboni aliyevuma kuliko wote ni Mbatiany. Wakati wake, katika miaka ya 1870, makundi kadhaa ya Wamasai yaliungana na kuwashinda Walaikipia.

Alifariki karibu mwaka 1890, kipindi ambacho sotoka iliua ng'ombe na ndui ikaua watu. Wanawe wawili, Lenana na Sendeu, wakagombania nafasi yake. Kila mmoja alikuwa na wafuasi, na Wamasai wakapigana wao kwa wao. Ramli iliyokuwa ikiwaunganisha sasa ikawagawa. Lenana akawa rafiki wa Waingereza, nao wakamtambua kama mkuu wa Wamasai wa upande wao hadi alipofariki mwaka 1911.

Wakoloni waliliona hilo

Nchini Kenya, Wanandi walikuwa na orkoiyot, mwenye kazi inayofanana na ya laiboni. Koitalel arap Samoei alikuwa ndiye nguzo ya upinzani wao dhidi ya Waingereza na reli. Tarehe 19 Oktoba 1905, ofisa Richard Meinertzhagen alimuua kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Upinzani ukavunjika muda mfupi baadaye.

Mwaka huohuo, kusini mwa Tanganyika, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji yaliyoaminika kuzuia risasi. Wajerumani walimnyonga mwanzoni mwa Agosti 1905. Safari hii mbinu hiyo haikufanya kazi, kwa sababu maji yalishasambazwa na vita vya Maji Maji viliendelea hadi 1907. Risasi hazikugeuka maji. Makumi ya maelfu ya watu walikufa, wengi kwa njaa.

Si Afrika tu

Zaidi ya miaka 3,200 iliyopita, Wahiti, waliotawala kutoka mji wa Hattusa katika Uturuki ya leo, walifanya jambo linalofanana. Kabla ya vita, mfalme aliuliza miungu: je, tupite njia hii? Je, tutashinda? Majibu yalitafutwa katika maini na matumbo ya kondoo, namna ndege walivyoruka, na kura zilizopigwa na wanawake walioitwa "vikongwe". Jibu la njia moja liliweza kuhakikiwa kwa njia nyingine. Maswali hayo waliyaandika kwenye vibao vya udongo, na vingi vimefukuliwa Hattusa tangu mwaka 1906.

Kwa hiyo mfalme mwenye makarani na morani asiye na mfalme walikuwa na shida moja: kuamua jambo la kufa na kupona bila kujua kesho. Wote walitafuta jibu ambalo jeshi zima lingelikubali.

Malaiboni bado wapo Umasaini. Siku hizi watu huwaendea zaidi kwa ajili ya ugonjwa, mifugo na baraka za sherehe za rika.