Mujinga hayiko mujinga: majina ya Kolwezi na maana yake

Ku masomo, mwalimu akifungua orodha na kuita «Mujinga!», kalasi nzima inacheka. Katika Kiswahili chetu, mujinga ni mutu asiye na akili. Lakini jina hili halikutoka katika Kiswahili. Ni la Tshiluba cha Kasai, ambamo *kujinga* ni kuzungusha, kufungia kitu pande zote. Mujinga ni mutoto aliyezaliwa kitovu kikiwa kimemuzunguka shingoni, na akapona.

Masikio ya Kiswahili

Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937, na Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka mbali, hata Kasai. Ndani ya kambi, Waluba, Wasanga, Walunda na Watshokwe waliishi nyumba kwa nyumba. Kiswahili kikawa luga ya wote. Majina yakabaki ya kwao, lakini wenye kuyasikia wanayasikia kwa Kiswahili.

Mapasa

Kwa Waluba wa Katanga, wa kwanza ni Kyungu, wa pili Kabange. Kwa Waluba wa Kasai ni Mbuyi na Kabanga. Herufi moja tu ya mwisho inaonyesha babu walitoka wapi. Karani akikosea, mutoto amehamia jimbo lingine ku karatasi!

Majina ya maisha

Mengine yanasikika wazi: Musafiri, Bahati, Feza, Furaha. Mateso na Masumbuko yanakumbusha siku ngumu za wazazi, hayatabirii mutoto kitu. Kwa ndugu zetu Wanande wa Beni na Butembo, jina linahesabu: Kambale ni kijana wa pili, Kasereka wa tatu.

Sheria inasema nini

Mwaka 1972, Mobutu aliamuru raia waache majina ya kizungu. Yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré. Kuanzia miaka ya 1990 majina hayo yakarudi wazi. Code de la famille ya tarehe 1 Agosti 1987, kifungu cha 58, inaomba jina litoke katika utamaduni wa Kongo, na inakataza jina la matusi au la kumushusha mutu. Kubadilisha jina kunahitaji sababu nzuri na ruhusa ya tribinali.

Je, Mujinga ni jina la kumushusha mutu? Hapana, kama tunajua linakotoka. Mukimbiaji Mujinga Kambundji, aliyezaliwa Uswisi na baba Mukongomani, alishinda dunia katika mita 60 za ndani mwaka 2022. Hakubadilisha jina.

Wazazi, muko na siku 90 za kuandikisha mutoto bila malipo ku komini. Mbele ya kwenda, muulize wazee maana ya jina, muangalie herufi vizuri. Kisha mumufundishe mutoto mwenyewe maana ile, ili siku wenzake watakapocheka, akuwe na jibu.