Plagi, Mshumaa na Iridiamu: Jina na Gharama ya Kitu Kidogo

Mwezi Agosti 1914, meli ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen iliishambulia kwa mzinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu huko Sphinxhafen, mahali panapoitwa leo Liuli. Meli zote mbili ziliendeshwa kwa mvuke. Waliozihudumia walihitaji moto na maji; hawakuhitaji kile tunachokiita plagi. Kitu hicho kilikuja na injini za petroli, na jina lake likaja nacho. Tunakusudia kueleza habari za jina hilo, kwa kuwa zinagusa swali linalomkabili leo mwenye injini, awe Chiwanda, Mbamba Bay au Mbinga: je, plagi ya iridiamu, ambayo bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kawaida, inastahili fedha hizo?

Plagi hutoa cheche ndani ya silinda ili kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa. Étienne Lenoir alitumia cheche ya umeme katika injini yake ya gesi mwaka 1860. Na mwaka 1902 kiwanda cha Robert Bosch, kwa kazi ya mhandisi Gottlob Honold, kilitoa plagi iliyotumika pamoja na magneto ya volti kubwa. Wafaransa walikiita chombo hicho bougie, Wajerumani Zündkerze, Wareno vela, na Waarabu shama. Lugha zote hizo nne zimekiona kuwa ni mshumaa. Waingereza waliona jambo jingine kabisa: kizibo, kwani hukazwa katika tundu la silinda na kuliziba. Sisi tulipokea neno la Waingereza, ingawa mshumaa tulikuwa nao tangu zamani, nao pia asili yake ni Kiarabu. (Ng'ambo ya mpaka, katika Msumbiji, neno vela la Kireno lina maana pia ya tanga, hivyo mvuvi aliyeacha tanga akanunua injini amebaki na neno lile lile.)

Sihuzuniki kwamba tulichukua kizibo. Neno plagi limekwisha kukaa vinywani mwa mafundi, na ingawa huitwa hivyo pia kile cha umeme wa nyumbani, ni nadra mtu kuchanganyikiwa. Tatizo limeanza pale lilipoongezewa jina la madini.

Iridiamu iligunduliwa na Mwingereza Smithson Tennant mwaka 1803, naye akaipa jina la Iris, mungu wa kike wa upinde wa mvua katika imani za Wayunani, kwa sababu ya rangi nyingi za chumvi zake. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1,455 za Selsiasi, platinamu 1,768, na iridiamu kiasi cha 2,446. Kwa hiyo cheche huila polepole sana. Kwa sababu hiyo ncha ya plagi huweza kufanywa nyembamba hata ikawa milimita 0.4, na ncha nyembamba hutoa cheche kwa volti ndogo zaidi. Plagi ya nikeli katika gari hutazamiwa kudumu kilomita 30,000 hadi 50,000. Ile ya iridiamu hufikia 100,000 au karibu na hapo.

Mtafsiri akiandika "plagi ya iridiamu" amefuata sarufi, lakini hakumtendea haki mnunuzi. Tusemapo sufuria ya shaba, sufuria yote ni shaba. Hapa madini yenyewe ni chembe tu kwenye ncha. Sehemu zilizobaki ni chuma, kauri, nikeli na shaba, kama katika plagi nyingine yoyote. "Plagi yenye ncha ya iridiamu" ni istilahi ndefu, lakini ni ya kweli. Nayo maneno "ya daraja la kwanza", ambayo aghalabu hutumiwa kufasiri sifa iliyoandikwa kwenye boksi, humfanya msomaji adhani kwamba injini itapata nguvu zaidi. Injini nzima yenye plagi nzima haiongezewi nguvu za kutajika. Kinachonunuliwa ni muda.

Kwa Kiswahili tunayo maneno matatu ambayo waandishi wetu wa vitabu vya ufundi huyachanganya: bei, gharama na thamani. Bei hulipwa dukani mara moja. Gharama huhesabiwa pamoja na ujira wa fundi, safari ya kwenda Songea kutafuta kipuri, na siku ambayo chombo hakikufanya kazi. Katika gari la siku hizi, ambalo plagi zake zimefichwa chini ya mabomba hata fundi hufungua nusu ya injini kuzifikia, bei kubwa huleta gharama ndogo. Hesabu hiyo isingewezekana zamani: risasi iliyotiwa katika petroli iliziharibu plagi kwa utando wake, nayo iliondolewa katika nchi za Afrika kusini ya Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006.

Lakini Chiwanda, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, injini nyingine si ya gari. Ni ile ndogo inayotundikwa nyuma ya boti na kuchanganyiwa oili ndani ya petroli. Plagi yake haifi kwa kulika. Hufa kwa masizi na oili. Mvuvi huifungua, huisugua kwa brashi ya waya au msasa, huirudisha na kuvuta kamba tena. Ncha nyembamba ya iridiamu haivumilii brashi hiyo, na watengenezaji wenyewe hukataza kuisugua hivyo. Basi ule muda wa ziada alioulipia hatauona, na ikiwa upepo wa mwera umevuma naye yuko mbali na pwani, huo si wakati wa kusoma boksi.

Mwenye injini ya boti ya aina mpya, isiyochanganyiwa oili, na afuate hesabu ya gari. Wa ile ya zamani anunue plagi mbili za nikeli: moja kwenye injini, na ya pili katika kopo lililofungwa vizuri, pamoja na spana yake.