Kiishio "-kaini": Historia ya Dawa za Ganzi na Mwandiko Wake

Neno "ganzi" limekita mizizi katika Kiswahili, kwani mguu uliokaliwa kwa muda mrefu husemwa umekufa ganzi. Dawa za kuileta ganzi kwa makusudi, hata hivyo, hazina umri mkubwa. Desemba 1883 Stanley aliweka kituo kwenye maporomoko ya mto Kongo, mahali palipokuja kuwa Kisangani. Septemba 1884 taarifa ya Carl Koller, daktari wa Vienna, ilisomwa mjini Heidelberg: matone ya kokaini yalitosha kulitia jicho ganzi lipasuliwe pasipo maumivu. Hivyo mji uliouzaa mtaa wa Simi-Simi na dawa hizi ni marika.

Kokaini ilikuwa imetengwa na Albert Niemann mwaka 1860 kutoka majani ya mkoka wa Amerika ya Kusini. Ubaya wake ulidhihirika upesi, kwani ilizoesha watumiaji na kuuhatarisha moyo. Mwaka 1905 ilianza kutumika prokaini, iliyoundwa na Alfred Einhorn wa Ujerumani na kuuzwa kwa jina la Novocain, yaani "kaini mpya". Mwaka 1943 Nils Löfgren wa Sweden aliunda lidokaini, na mwaka 1957 ikafuata bupivakaini. Hivyo kipande cha jina la jani kimegeuka kiishio cha ukoo mzima, hata kwa dawa zisizotokana na jani hilo.

Kazi ya dawa hizi ni moja: huzuia ioni za sodiamu zisiingie ndani ya neva, na habari ya maumivu haifiki ubongoni. Tofauti imo katika kiungo kinachoshikanisha ncha mbili za molekuli. Kundi la esta, kama prokaini na tetrakaini, kwa kawaida huvunjwa haraka na vimeng'enya vya damu, na mabaki ya baadhi yake huweza kuleta mzio. Kundi la amidi, kama lidokaini na bupivakaini, huvunjwa na ini. Mzio wake ni nadra, lakini ini lililodhoofika huchelewa kuziondoa mwilini.

Wanafunzi wa udaktari hukumbuka makundi haya kwa herufi moja. Katika dawa zinazotumika sana, jina lenye "i" kabla ya kiishio ni la amidi, na lisilo nayo ni la esta. Hapa ndipo mwanaisimu anapohusika. Desturi ya kupachika irabu kati ya konsonanti ingeweza kuzaa "tetirakaini", na kwa herufi hiyo moja esta ingevikwa vazi la amidi. Kwa kuwa Kiswahili kimeshazoea "tr" katika "treni", hakuna haja ya kuipachika.

Jambo hili si la kupuuzwa. Mkazi wa Simi-Simi aendaye kung'olewa jino huweza kuandikiwa dawa kwa Kifaransa na kuelezwa kwa Kiswahili au Kilingala. Akiwa na mzio wa prokaini, usalama wake unategemea jina lipite katika lugha hizo bila kubadili ukoo. Kwa hiyo, mwenye kusanifu istilahi za tiba hana budi kuuliza kwanza kila herufi inafanya kazi gani, kabla ya kuuliza kama neno linatamkika.